Suuza Mara Tatu

Nililisikia bomba kabla sijaliona. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mto, mzito, na ndani yake kitu kilikuwa kinakohoa: gho, gho, ghooo. Kimya. Halafu mlio mrefu wa kumeza, kama mtu anayekunywa uji wa moto mafichoni asije akaombwa.

"Kohoa tu," nikaliambia. "Siku zako zinahesabika."

Ni bomba la kiwanda cha betri. Linatokea chini ya ukuta, linajificha kwenye matete, linamwaga mtoni mahali ambapo mgeni hawezi kuliona. Kiwandani huletwa betri chakavu za magari, zinapasuliwa, madini ya risasi yaliyomo yanayeyushwa tanurini na kutolewa vipande vizito vya kuuzwa. Wenyewe wanasema maji yanayotoka pale ni ya kunawia mikono tu. Ya kunawia mikono! Mawe yaliyo chini ya bomba yameota ukoko wa kijivu. Matete ya upande ule yamekauka kuanzia miguuni, na ya ng'ambo, hatua ishirini tu, yamesimama mabichi na majani yao yote.

Mimi ni mpima maji. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa moja asubuhi, nachota maji hatua hamsini chini ya bomba hilo, nayaweka kwenye sanduku la barafu, na sanduku linakwenda maabara mjini, mwendo wa saa tatu kwa gari. Kituoni wananiita Msafi, na wanadhani wananitania. Nimelipokea jina hilo kama cheo. Nani mwingine pale hukata kucha kabla ya kushika chupa? Nani hufua kitambaa cha kufutia sanduku? Wenzangu huchota maji kama wanaochotea ng'ombe. Mimi huchota kama ninayechotea mahakama.

Aliyenifundisha ni fundi pampu wa zamani, mtu mkali mwenye vidole vinene, ambaye alinizaba kofi la kisogo siku ya kwanza nilipojaza chupa bila kuiosha. "Suuza mara tatu kwa maji ya mto wenyewe," alisema. "Ya nne ndiyo maji." Tangu siku hiyo sijawahi kukosa. Nilisuuza mara tatu chupa za kioo tulizotumia zamani, na nilisuuza mara tatu hizi mpya za plastiki zenye kifuniko cheupe, ambazo maabara ilianza kutuletea miezi mitano iliyopita kwa ajili ya kupima risasi. Hizi mpya zilihitaji kusuuzwa kuliko zote, maana kila moja ilikuja na matone ya maji chini, ushahidi kwamba watu wa maabara huosha vyombo vyao na hawana subira ya kungoja vikauke. Nilimwaga uzembe wao mtoni, nikasuuza, nikachota. Kisha nikabandua kibandiko chao, kilichobandikwa kombo na kujaa herufi ndogo kama sisimizi, nikabandika changu kwa mwandiko wangu ambao hata mkuu wa kituo huusifu: tarehe, saa, mahali, mchotaji.

Safari hii niliongeza jambo. Nilichomoa uzi mwekundu kwenye pindo la shati langu la zamani, nikaufunga kuzunguka kila kifuniko, fundo upande wa kushoto. Atakayefungua chupa hataweza kulirudisha fundo langu lilivyokuwa.

Kwa maana kulikuwa na mtu anafungua chupa zangu. Nilikuwa na hakika hiyo kama ninavyojua jina la mama yangu. Mara nne nilichota chini ya bomba lile, na mara nne karatasi ilirudi na neno moja lililopigwa kwa mashine: SALAMA.

Salama! Nina mpwa wa miaka mitatu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Tulimwita Kasuku kwa sababu alianza kusema kabla hajajua kusimama, na akianza hanyamazi. Mwaka huu Kasuku ameanza kupoteza maneno. Lilianza kupotea "kijiko." Likafuata "viatu." Analia tumbo, hali, anakaa ukutani akikuangalia kama anayejaribu kukukumbuka. Daktari alimtoa damu, akasema ina risasi, nyingi kuliko anayopaswa kuwa nayo mtu mzima, sembuse mtoto. "Mwondoeni inakotoka," akasema. "Dawa haitasaidia kitu kama anaendelea kuila."

Mtaa wa dada hauna bomba la maji. Wanachota mtoni kwa ndoo, nyumba zote. Na kamati ya maji, ile inayotoa vibali, ilikuwa inakutana Ijumaa ya wiki hiyo. Karatasi ya tano ikionyesha sumu, bomba litazibwa na mtaa utaletewa maji kwa gari siku hiyohiyo. Ikirudi SALAMA, kiwanda kinapewa kibali cha miaka mitatu mingine. Sheria haisomi mawe wala matete, wala macho ya mtoto. Inasoma karatasi.

Niliwashuku watu watatu: dereva wa gari la maabara, mama wa maabara anayepima, na shemeji yangu.

Shemeji, mume wa dada, hufanya kazi kiwandani. Alikuwa mtu wa tanuri, wa kawaida kabisa, uso mweusi kwa masizi. Mwezi uleule karatasi ya kwanza iliporudi SALAMA, akapandishwa kuwa msimamizi. Nani asingehesabu? Na sanduku langu, tangu ninapotoka mtoni mpaka dereva anapopita saa sita mchana, hukaa stoo ya uani kwa dada, kwa sababu nyumba yao iko karibu na barabara. Saa tano nzima, sanduku langu na mume wa dada yangu, ua mmoja.

*

"Umekuja na uso wa mahakama tena," dada alisema niliposhusha sanduku. Alikuwa ameketi kizingitini, Kasuku kwenye mapaja yake. "Kunywa chai kwanza."

"Maji ya wapi?"

"Ya mvua, niliyokinga. Yamebaki ndoo moja, nawanyima wakubwa wote isipokuwa wewe. Kunywa, usinitie uchungu."

"Kasuku, mjomba huyo," akamwambia mtoto. "Msalimie mjomba. Mjomba nani?"

Mtoto alinitazama. Midomo ikatikisika, ikatafuta, ikaacha.

Nilikwenda kuweka sanduku stoo, nikafunga mlango, nikarudi kunywa chai. Nilikaa mahali ambapo ningeuona mlango ule kwenye kioo kilichotundikwa sebuleni. Nusu saa haikupita. Shemeji aliingia kwa lango la nyuma kutoka zamu yake ya mwisho ya usiku, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaingia stoo. Akajifungia.

Nilimhesabia dakika saba. Alipotoka alikuwa anajifuta mikono kwa tambara, na nywele zake zilikuwa mbichi.

"Shemeji," nikasema, nikiwa nimeshafika mlangoni. "Unatafuta nini stoo?"

Alishtuka. Mtu asiye na hatia hashtuki namna ile, ndivyo nilivyojiambia. "Aa, shemeji! Umefika? Nilikuwa na shughuli zangu."

"Shughuli gani za kujifungia?"

"Zangu."

"Na sanduku langu limo humo."

"Sijaligusa sanduku lako."

"Mikono yako ina maji."

"Kwani maji ni kosa?"

"Kwangu mimi ndiyo," nikasema, na sauti ilishanipanda, siwezi kusema uongo. "Maji ndiyo kazi yangu. Walikupa usimamizi wa bure? Mtoto wako anasahau jina la kijiko, wewe unabadilisha chupa ili bomba liendelee kutapika! Wamekununua kwa kiti na kofia!"

Nilitegemea angepiga kelele. Alifungua mdomo, akamtazama dada aliyekuwa amesimama nyuma yangu na mtoto begani, akaufunga. Akainamisha kichwa kama aliyekamatwa.

Dada ndiye aliyepiga kelele. "Unamwita mume wangu muuaji mbele ya mtoto wake? Ndani ya ua wangu? Chukua sanduku lako utoke! Mdogo wangu wewe, sitaki kukuona mpaka ujifunze kuongea na watu!"

Nilitazama nyuzi. Zote zilikuwa salama, fundo upande wa kushoto. Hilo lingemtuliza mtu mwingine. Mimi nilijiambia: nimemfuma kabla hajamaliza.

*

Dereva anaitwa Kobe, kwa sababu hajawahi kulipita gari lolote. Niliketi pembeni yake na sanduku kwenye mapaja, mikono yangu juu ya kifuniko.

"Leo unasafiri na mzigo?" akauliza. "Huko nyuma kuna nafasi ya ng'ombe."

"Nataka kufika nao."

"Una wasiwasi na mimi?"

"Nina wasiwasi na kila mtu."

"Basi nitakwenda polepole usidondoshe," akasema, na ingawa nilidhani haiwezekani, alipunguza mwendo.

Alisimama mara moja tu, kununua ndizi. Nilimtazama akienda na nilimtazama akirudi. Alinipa moja, nikaikataa, akaila mwenyewe kwa furaha. Saa tisa alasiri tulifika maabara: jengo refu la ghorofa moja lenye harufu ya dawa ya kuulia wadudu, korido yenye vigae vyeupe, na mlango wa mwisho ulioandikwa METALI.

Mama wa maabara alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso na koti jeupe lenye doa la njano mfukoni. Alisoma kibandiko cha chupa ya juu, akanitazama.

"Wewe ndiye mchotaji? Mwenye mwandiko mzuri?"

"Ndiye mimi."

"Nimengoja miezi mitano kukuona." Hakutabasamu.

"Na mimi nimekuja kukuona ukipima. Kwa macho yangu."

"Simama hapo. Usiguse kitu."

Alikata nyuzi zangu kwa mkasi bila kuuliza zilikuwa za nini. Akafungua chupa, akachukua kikaratasi chembamba cha njano, akakichovya, akaniinulia.

"Rangi gani?"

"Njano."

Akavuta chupa nyingine kutoka kwenye rafu, ya kituo kingine, kifuniko cheupe kama zangu. Akachovya kikaratasi kipya. Kikawa chekundu papo hapo, kama ulimi.

"Na hiki?"

"Chekundu."

"Aliyechota hii ni mzee anayekaribia kustaafu. Mwandiko wake nausoma kwa kubahatisha. Lakini asidi yangu imo ndani. Ya kwako iko wapi?"

"Asidi gani?"

"Usinichezee, kijana. Niliyokuwekea chini ya chupa. Matone ishirini, kila chupa."

"Yale maji?" nikasema. "Yale maji yaliyobaki?"

Alishusha miwani kutoka kwenye paji, akaivaa, akanitazama upya kama chupa isiyo na kibandiko. Kisha alikwenda kabatini akaleta chupa mpya na kuniwekea mbele ya pua. Herufi zile za sisimizi. Mara ya kwanza maishani mwangu nikazisoma: USISUUZE. NDANI MNA ASIDI. JAZA MPAKA SHINGONI, FUNGA.

"Vibandiko vyenu vilikuwa vimebandikwa kombo," nikasema. Miezi mitano ya hasira, na hiyo ndiyo sentensi niliyoipata.

"Ukafanya nini?"

"Nikavibandua. Nikaandika vyangu."

"Na chupa?"

"Nikasuuza. Mara tatu."

Alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu, kikarudi nyuma kidogo kwa uzito wake. Alinieleza kama anavyoelezwa mtoto, na nilistahili. Risasi iliyo kwenye maji haikai kwenye maji. Ukiyafunga ndani ya plastiki, inakwenda kujigandisha kwenye kuta za chupa, kama masizi kwenye sufuria, na yeye anapomimina apime, anapima maji yaliyobaki bila mzigo wake. Asidi ndiyo inayoizuia isigande. Mimi nilimwaga asidi kila mwezi, kwa uangalifu, kwa mikono yenye kucha zilizokatwa.

"Unajua huku tunakuitaje?" akauliza. "Msuuzaji. Tulisema kiwanda kimepata mtu wake, na si mjinga. Mjinga angejaza maji ya kisima. Huyu anatoa asidi tu, kila kitu kingine kinabaki safi kama sala. Halafu dereva akatuambia shemeji yako ni msimamizi palepale kiwandani. Ungekuwa mimi ungesemaje?"

Ningesema nilichokisema mimi saa chache kabla, uani kwa dada, kwa sauti ya juu. Nilikuwa nimemtafuta mwizi miezi mitano, na mwizi alikuwa akiandika jina lake vizuri kwenye kila chupa.

"Kwa nini hamkuandika?" nikauliza, nikitafuta bado mtu wa kushikana naye.

"Niliandika. Mara nne. 'Sampuli imefika bila asidi, matokeo haya yasitumike.' Ukurasa wa pili."

"Sijawahi kuona ukurasa wa pili. Mkuu wa kituo hubandika ubaoni karatasi moja."

"Basi muulize mkuu wako ya pili huipeleka wapi."

Nilikuja kumuuliza. Alisema anaokoa wino wa mashine ya kunakili, akacheka, akaniuliza kama dada hajambo. Mpaka leo sijui kama ni uvivu au ni kitu kingine, na kila anapocheka nikaliona jino lake la dhahabu naanza upya kutojua.

Lakini mama wa maabara hakuwa mtu wa kumaliza na lawama. Alimimina maji ya chupa yangu moja kwenye beseni, akatia asidi kwenye chupa ileile tupu, akaitikisa, akaiweka kando. "Nitakupigia kesho nikuambie kuta zilikuwa zimeficha nini. Hii ni ya kukufundisha wewe tu. Kamati haitaikubali, wakili wa kiwanda atauliza nani alitia nini ndani ya chupa na wapi. Nataka maji mapya, yaliyoingia kwenye asidi palepale mtoni. Yanifikie Jumatano kabla ya saa tisa, nitafanya kazi mpaka yaishe." Akanipa chupa tano. "Na vibandiko uviache kombo hivyohivyo."

*

Alinipigia Jumanne adhuhuri. "Mara kumi na moja ya kiwango kinachoruhusiwa," alisema, akakata simu.

Jioni nilikwenda kwa dada. Alinifungulia lango, akanipa mgongo bila salamu. Shemeji alikuwa stoo. Nilisikia maji yakimwagika. Nikabisha.

"Nani?"

"Mimi, mjinga."

Kitasa kikazunguka.

Ndani kulikuwa na beseni, sabuni ya kufulia, brashi ya kucha, na ndoo iliyofunikwa kwa sahani. Nguo zake za kazi zilikuwa zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, fundo mara mbili. Buti zilisimama kwenye gazeti lililolowa. Yeye alikuwa amevaa kaptura tu, povu mpaka kwenye nyusi.

"Ndiyo shughuli zangu hizi," akasema. "Kila nikitoka zamu. Vumbi la tanuri linaingia mpaka masikioni. Daktari aliposema risasi, nilijitazama mikono. Nikajiuliza nimembeba mtoto mara ngapi, nimemkumbatia mara ngapi, na mikono hii. Nikaomba usimamizi kwa kupiga magoti, shemeji, kwa sababu msimamizi anakaa nyuma ya kioo. Nikaona bado haitoshi, nikaanza kuoga huku."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Mbele ya dada yako? Niseme labda ni mimi ninayemlisha mwanangu sumu?" Alijifuta povu machoni. "Afadhali uniite mwizi."

Nikaketi juu ya sanduku. Nikamwambia yote: matone, kibandiko, kikaratasi cha njano, jina nililopewa huko mjini. Sikupunguza kitu. Alisikiliza, brashi mkononi, kisha bega lake likaanza kutikisika. Nilidhani analia.

"Msafi!" akasema, akicheka mpaka akakohoa. "Yaani wewe umeiosha asidi ukawafichia sumu kwenye plastiki! Kiwanda kizima hakina mfanyakazi hodari kama wewe! Wangekujua wangekupa wewe usimamizi!"

"Cheka. Nimestahili."

"Sichekei wewe tu." Akaweka brashi chini. "Kesho asubuhi nakwenda nawe mtoni."

"Watakuona. Mlinzi wa ukutani anakujua."

"Anione. Siku zote umenisimamia wewe. Kesho nakusimamia mimi. Naujua mkono wako."

Aliujua kweli. Asubuhi ya Jumatano ukungu haukuwepo na bomba lilionekana wazi, likitema maji ya rangi ya jivu. Nilipiga magoti palepale pa siku zote. Nikafungua kifuniko cheupe, nikaona matone chini, na mkono ukaenda wenyewe: ukaizamisha chupa kidogo, ukaanza kuizungusha. Vidole vya shemeji vikanikamata kifundo cha mkono.

"Mara ngapi?" akauliza.

"Hata moja."

"Hiyo itupe. Chukua nyingine."

Niliitupa. Zilizobaki nne nilizijaza kwa kikombe, taratibu, mpaka shingoni, bila kumwaga tone.

"Msimamizi!" Mlinzi alikuwa ametokeza kichwa juu ya ukuta. "Umepotea njia? Zamu inaanza!"

"Nimemsindikiza shemeji!"

"Shemeji yako anachota nini?"

"Yale ya kunawia mikono!" shemeji akajibu.

Mlinzi hakucheka. Aliangalia chupa, akaangalia saa yake, akashuka. Tulijua anakwenda wapi. Shemeji alivua kofia yake ya usimamizi, akaitazama, akaivaa tena.

*

Dada alikuwa uani tuliporudi. Alikuwa ameshaambiwa, usiku mume wake hakumficha kitu. Hakunipa mkono lakini alinisogezea kigoda, na hicho kwake si kidogo. Kasuku alikuwa chini, akipanga vizibo vya chupa mstari mmoja.

"Hizo zitasema kweli?" akauliza dada, akionyesha sanduku kwa kidevu.

"Zitasema."

"Na zile nne?"

Ndilo swali nililokuwa nikilikwepa tangu mjini.

"Nakuuliza. Kiwanda kina wakili. Atasimama Ijumaa na karatasi nne mkononi, zote SALAMA, na mwandiko wako kwenye chupa ya kila moja. Atasema mara nne mto ulikuwa safi, leo mara moja umechafuka, na siku hiyo msimamizi ambaye watakuwa wameshamfukuza alikuwepo mtoni. Wataamini ngapi? Nne au moja?"

"Mama wa maabara aliandika ukurasa wa pili."

"Ambao hakuna aliyeuona. Nani atasema hizo nne ni takataka?"

Barabarani honi ya Kobe, niliyemwomba apite mapema siku hiyo, ililia, fupi, ya adabu. Shemeji alichukua sanduku akalipeleka garini, akaniacha na dada. Nilifikiria ukumbi ule wa kamati, meza ndefu, mkuu wa kituo na jino lake, wenzangu wamejipanga nyuma wakisubiri jambo la kucheka miaka kumi ijayo. Nilifikiria mwandiko wangu.

Kasuku aliinuka, akaja, akaniwekea kizibo kwenye kiganja. Akanitazama, akitafuta. Neno halikuja. Akakaa kwenye mguu wangu hata hivyo.

"Dada," nikasema, "Ijumaa nitasimama mbele ya kamati, mbele ya wakili wao, mbele ya kila mtu wa kituo. Nitachukua zile karatasi nne, nitasema hizi ni zangu na ni uongo, nilizisuuza mimi, mara tatu kila chupa, kwa mikono hii, na hakuna mtu aliyenituma. Wakicheka nitasema tena. Wakinifukuza nitasemea mlangoni. Sitakaa chini mpaka walifute lile neno SALAMA. Nakuahidi wewe, na namwahidi huyu."